Baridi ya Mbooni



Sisi watu wa pwani baridi twaijua kwa sifa tu. Ukiingia mwezi wa Julai, kusi ikivuma na rasharasha ikinyesha alfajiri, mtu wa Mombasa hujitanda shuka mpaka masikioni akasema ameganda, ilhali kipimajoto hakijashuka sana chini ya digrii 20. Kwa hivyo mpwa wetu alipoolewa na kijana wa Kitui, na kijana huyo akapata kazi ya kilimo katika milima ya Mbooni, kaunti ya Makueni, hakuna mmoja katika ukoo mzima aliyemuuliza kama ana blanketi. Tulimfungia doti za khanga, vikoi, masufuria, mikeka miwili ya ukindu na feni. Feni hiyo tumeikuta juzi juu ya kabati, haijatolewa hata nailoni yake.

Habari tuwaleteayo juma hili ni ya safari ya siku nne katika Kitui na Makueni. Lakini hatukwenda kutembea. Tulikwenda kwa sababu ya jiko.

Usiku mmoja wa Julai mwaka jana, mumewe akiwa Kitui kumwangalia mamake, mpwa wetu alipasha maji ya kumwogesha mwanawe kwa jiko la makaa. Alipokwisha, makaa yalikuwa yangali mekundu, na chumba cha kulala kilikuwa baridi. Akaona ni hasara kuyazima. Akalibeba jiko akalitia chumbani, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitambaa ili upepo usipite, akalala na mtoto wake wa miezi minane. Kilichomwamsha ni kichwa. Asema kilikuwa kama kimezungushiwa kamba ikakazwa. Akataka kusimama, miguu ikamkataa. Akatambaa hadi ukumbini, akaugonga mlango wa nje kwa ndani kama mgeni abishaye hodi, akaanguka hapo akitapika. Jirani yake, mama wa Kikamba aliyekwisha kuamka kukama ng'ombe, alisikia. Yeye ndiye aliyeingia akamtoa mtoto, naye amelegea kama kitambaa kilichorowa. Walipelekwa hospitalini wakatiwa oksijeni. Adhuhuri mtoto alilia akitaka kunyonya, na huko Mombasa, kwenye simu, watu wazima walilia pamoja naye. Alhamdulillah.

Hewa iliyotaka kuwaua huitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozi mtu. Huingia katika damu ikakaa mahali pa oksijeni, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe ishikamanavyo. Kuni hutoa moshi, na moshi humwashia mtu macho ukamwambia toka. Makaa mekundu hayasemi neno.

Nasi tuna jambo la kukiri hapa. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Mpwa wetu aliisoma hadithi hiyo chuoni, mbele yetu, tukimsahihisha matamko. Lakini kila tulipoifasiri, tuliifasiri kwa nyumba kuungua: cheche, pazia, kibatari kuangushwa na panya. Hatukusema hata siku moja kuhusu jiko lililotulia katikati ya chumba kilichofungwa. Tulikuwa hatulijui.

Basi familia ikakutana. Ndugu yetu mdogo aishiye Leicester, Uingereza, naye ni mjomba wa msichana kama sisi, alituma sauti ndefu kwa simu. Alisema nyumba yake haina jiko wala moto wa aina yoyote, na bado mwezi wa Januari, nje barafu, yeye huswali alfajiri miguu mitupu juu ya sakafu yenye uvuguvugu. Nje ya ukuta ana mashine kama ya kiyoyozi, na chini ya sakafu mna mipira ipitishayo maji ya moto nyumba nzima. Serikali ya huko ilimsaidia pauni 7,500 kwa kuwa alikubali kung'oa chombo chake cha gesi. Akauliza: kwa nini mtoto wetu asiwekewe hiyo huko milimani? Fedha atatoa yeye.

Hapo tukaagizwa sisi twende tukatazame. Tukamchukua jirani yetu ambaye kazi yake ni kufunga na kutengeneza viyoyozi, mtu wa maneno machache. Katika makala haya tutamwita Fundi.

Tulipanda treni Miritini, ile isimamayo katika stesheni za njiani, tukashuka Kibwezi. Hapo Makueni hukaribia kufanana na kwetu. Joto lapo, vumbi jekundu lapo, na mibuyu imesimama kila upande, minene, haina majani, kama watu waliokatazwa kusogea. Wasomaji wadogo wajue kwamba zile mabuyu nyekundu zichafuazo kanzu zao siku ya Idi hutokana na mti huu, na kwamba mbuyu haujali sukari wala rangi tuitiayo.

Kutoka Kibwezi iko barabara ya lami ivukayo mto Athi, ikapita Ikutha na Mutomo mpaka mjini Kitui. Yapita katika nchi kavu ya vichaka na migunga. Mito mingi tuliyoivuka ilikuwa mchanga mtupu, na katika mchanga huo watu walikuwa wakichota maji. Yule asiyejua hudhani ni mazingaombwe. Wakamba wa Kitui na Makueni hujenga ukuta wa zege kuukata mto wa msimu. Mvua inyeshapo, mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga ule, jua lisiyafikie. Miezi baada ya mvua kwisha, mtu hufukua kidogo akayapata. Tunaomba msomaji auweke moyoni mchanga huu, kwa maana tutarudi kwake.

Na punda nao. Kila mwinuko tulikuta punda wamebebeshwa madumu manne ya maji, wakipanda. Fundi alituonyesha kijana mmoja ambaye kisima chake kilikuwa karibu na nyumba, mwinuko mdogo tu. Tuliposimama kunywa chai, tulimwona akienda na kurudi mara tatu. Mwenzake, aliyetoka bondeni mbali, alipita mara moja. "Lishike hilo," akasema Fundi, asiongeze neno.

Mjini Kitui tulifikia kwa wakwe. Watu wa pwani husahau kwamba Kitui ina Waislamu wa tangu zamani, na kwamba njia baina ya Ukambani na Mombasa ni kongwe kuliko reli. Karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe za ndovu mpaka pwani. Kivui, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, ndiye aliyempokea Krapf, yule mmishonari wa Rabai, na ni kutoka pande hizo za Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, mabwana wengine wa Ulaya walikataa kumsadiki. Nasi tungalikuwa London mwaka ule huenda tungalikataa pamoja nao. Mtu hupima dunia kwa jasho la mtaa wake.

Mavyaa wa mpwa wetu ni mama wa miaka sabini na ushei, mwenye Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya Kikamba. Alitupokea kwa muthokoi na kuku, na hakutaka tuseme neno kuhusu jiko mpaka tumalize kula. Kisha akasema mwenyewe:

"Shehe, mimi nalaumiwa. Watu husema, mama wa milimani hakumfunza mkaza mwanawe. Lakini mimi nimelala na moto ndani tangu nizaliwe. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya nyasi, mafiga matatu katikati, na moshi ukapenya nyasi ukatoka kama jasho. Nyumba ilikuwa inapumua. Hakufa mtu. Sasa mmejenga za matofali na madirisha ya kioo, mkaziba, mkaingiza moto ule ule."

Tuliandika maneno yake katika daftari mbele yake, akafurahi. Ingawa yafaa tuseme, kwa heshima, kwamba moshi wa nyumba zile nao ulikuwa ukiua, ila kwa mwendo wa polepole, kupitia vifua na macho ya kina mama.

Usiku alitusimulia habari ya makaa. Kitui imechomwa ikapelekwa Nairobi, alisema, gunia kwa gunia. Katika tanuri ya udongo ya kienyeji kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makaa. Zilizosalia zimekwenda na upepo. Mwaka 2018 serikali ya kaunti, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa, lori moja likachomwa moto barabarani, wakubwa wakarushiana maneno mpaka mahakamani, na mwezi wa Februari mwaka huo huo serikali kuu nayo ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mama hakuwa upande wa mtu. Alisema aliyechoma lori hakumpa mchomaji makaa kazi nyingine, na mchomaji makaa hakumwachia mjukuu wake kivuli. Kisha akavuta blanketi, akaenda kulala. Kitui mjini usiku ule palikuwa na ubaridi mtamu wa kulalia shuka moja, na Fundi akaanza kusema kwa kicheko kwamba tumesafiri bure.

Kesho yake tulipanda matatu mbili na bodaboda kufika Mbooni, na kicheko kikaisha.

Kaunti ya Makueni ina nchi mbili ndani yake. Chini, pande za Kibwezi na Makindu, ni joto. Lakini Mbooni na Kilungu ni milima ya kweli, yenye misitu, matuta ya mashamba yaliyopangwa kama ngazi, maparachichi, kahawa, na ukungu. Mwezi wa Juni mpaka Agosti jua laweza lisionekane siku nyingi, na usiku digrii hushuka chini ya 15. Msomaji wa Leicester atacheka. Na acheke, kwani yeye ana nyumba iliyojengwa kwa baridi. Mpwa wetu akaa katika nyumba ya matofali yenye paa la mabati, haina dari, na baina ya ukuta na mabati pana mwanya upitishao mkono. Usiku ule tulivaa kanzu mbili, moja juu ya nyingine, tukajifunika mablanketi mawili, na bado tulisikia pua zetu kama si zetu.

Alipotuona alfajiri alisema, "Shikamoo Mjomba, mmelala?" Tukaitika marahaba, na hatukuweza kusema uongo.

Baada ya staftahi Fundi alianza kazi. Alizunguka nyumba, akapima, akagonga sakafu kwa kisigino, akapanda ngazi kuchungulia chini ya mabati. Kisha akaketi nasi kizingitini, mume wa mpwa wetu na jirani yule mkama ng'ombe wakiwa pamoja nasi, akatueleza mashine ya Leicester ni kitu gani. Twasimulia kama tulivyomfahamu, kwa sababu tunaona wengi wetu tunayo mashine hiyo majumbani na hatujui.

Tazama friji, alisema. Ndani baridi, nyuma moto. Ule moto wa nyuma umetoka wapi? Umetoka ndani. Friji haitengenezi baridi. Huchukua joto la maziwa na nyama ikalitupa nje. Kiyoyozi nacho hufanya hivyo hivyo kwa chumba. Sasa kigeuze: kifanye kichukue joto la nje kiliingize ndani. Hiyo ndiyo pampu ya joto. Jambo hili si geni. William Thomson, mwanachuoni aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alilieleza kwa hesabu mwaka 1852.

Hapo tukamkatiza. Joto gani litachukuliwa nje, na nje ni baridi?

Akajibu kwamba baridi ni jina letu sisi. Hewa ya Mbooni alfajiri, na hata hewa ya Leicester penye barafu, ina joto tele ndani yake. Sifuri ya kweli, pasipo joto kabisa, iko digrii 273 chini ya barafu. Ndani ya mashine mna gesi ambayo hali yake ya kimiminika huchemka hata katika baridi kubwa. Hewa ya nje huichemsha ikawa mvuke. Kompresa huuminya mvuke huo, nao ukiminywa huwa moto, kama ncha ya pampu ya baiskeli ipatavyo moto mtu akijaza tairi kwa haraka. Mvuke ule wa moto hupita kando ya maji, ukayapa joto lake, ukarudi kuwa kimiminika, ukapitishwa tundu dogo ukapoa, ukaanza upya. Umeme hautumiki kuunguza kitu. Hutumika kuminya tu. Ndiyo maana kwa uniti 1 ya umeme mashine yaweza kuleta ndani uniti 3 au hata 4 za joto, ilhali hita ya waya mwekundu, ile ya dukani, hukupa 1 kwa 1 na hapana zaidi.

"Na wale punda?" tukamuuliza.

"Ndio hao," akasema. Kutoka hewa ya nje mpaka maji ya ndani ni mwinuko. Mwinuko ukiwa mfupi, punda huenda na kurudi mara nyingi kwa majani yale yale; ukiwa mrefu, huchoka. Ukitaka maji ya digrii 60 kwa yale masanduku ya chuma yawekwayo ukutani Ulaya, mwinuko ni mrefu. Lakini sakafu, kwa kuwa ni pana na mtu aikanyaga yote, yatosha maji ya digrii 35 hivi. Kwa hivyo mashine hii na sakafu ni mume na mke. Na sakafu ya zege hulishika joto ikalitoa kidogo kidogo, mchana na usiku. Hapo ndipo tulipoukumbuka ule mchanga wa mtoni ushikao maji mpaka kiangazi. Fundi alikubali mfano, akaonya kwamba kwa sababu hiyo hiyo sakafu haitii amri ya haraka: ukiiwasha saa mbili usiku, yaweza kukuletea joto karibu na alfajiri. Ndugu yetu haizimi majira yote ya baridi.

Tuongeze kidogo kwa wapendao tarikhi. Sakafu ya moto si uzushi wa Wazungu wa leo. Warumi walikuwa nayo, na Bani Umayya waliichukua: katika hamamu ya Qusayr Amra, jangwani Jordan, iliyojengwa karne ya 8, sakafu iliinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ya moto ipite chini yake. Nasi huku tuna Hamamni ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash kwa ajili ya umma, na mahamamu ya Kidichi ya wakati wa Sayyid Said. Aendaye Unguja kununua karafuu na aingie Hamamni kwanza.

Turudi kizingitini. Kwa kuwa hewa ya Mbooni haishuki kama ya Uingereza, alisema Fundi, mashine hapa ingefanya kazi yake kwa raha. Mwinuko ni mfupi mno. Na umeme wetu wa Kenya sehemu yake kubwa watokana na mvuke wa ardhi wa Olkaria, maji na upepo. Hakuna mgunga wa Kitui utakaokatwa kwa ajili yake.

Sote tukatabasamu. Mume wa mpwa wetu akatoa simu amwandikie mjomba wa Leicester.

"Ngoja," akasema Fundi.

Akamwonyesha mwanya chini ya mabati. Akasema joto lote mtakaloliingiza kwa sakafu litapanda, litoke hapa, liende kuwapasha kunguru. Mabati yasiyo na dari hayashiki kitu. Pili, sakafu hii imekwisha kumwagwa. Kuweka mipira ni kuivunja yote, kuchimba, kutandika chini kitu kizuiacho joto lisiende ardhini, kisha kumwaga upya. Tatu, umeme huku hukatika, na kompresa haipendi umeme wa kuja na kwenda. Nne, siku mashine itakapoharibika, fundi atatoka wapi? Atatoka Nairobi, au atatoka Mombasa, naye ni mimi, na mimi sitaki kurudi katika baridi hii. Tano akasema haisemi, kwa kuwa si kazi yake: miezi ya baridi ni mitatu tu.

Palikuwa kimya. Tunakiri tulihuzunika, maana tulikuwa tumekwisha kuiona sakafu ile kwa macho ya moyo, mtoto akitambaa juu yake.

Aliyesema ni mpwa wetu, kutoka jikoni, ambako tulidhani hasikii.

"Mjomba, mbona hakuna aliyeniuliza mimi?"

Akaja akasimama mlangoni, mtoto kiunoni. Akasema yeye baridi ya chumba ameshaizoea, ana blanketi zito la sokoni na soksi. Kinachomshinda ni maji. Maji ya alfajiri ya kutawadhia, maji ya mtoto, maji ya nepi. "Lile jiko sikuliwasha kwa ajili ya chumba. Nililiwasha kwa ajili ya maji. Makaa yakabaki, nikayaonea uchumi. Mngenipa maji moto, jiko lisingekuwamo ndani ya nyumba hii."

Jirani yule akacheka akampiga begani kwa upendo, akasema Kikamba maneno ambayo mume alitufasiria kuwa: wanaume wamekuja na reli kutazama sakafu. Tulistahili.

Mashauri yaliyofuata hayakuchukua hata nusu saa. Fedha ya Leicester ingefanya haya: tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa, la lita 150, dari ya mbao katika vyumba viwili, na mwanya wa mabati kuzibwa, dohani jikoni, na matundu ya hewa juu ya dirisha la chumba cha kulala, yasiyofungika, mtu asiweze kuyaziba hata akitaka. Mume alikumbusha kwamba Julai jua ni haba na ukungu ni mwingi, tangi laweza kulala njaa siku kadhaa. Fundi akasema siku hizo patumike waya wa umeme ulio ndani ya tangi, au mtungi wa gesi na birika kubwa, moto uzimwe kabla ya kulala. Ndugu yetu aliposikia, alinyamaza kidogo. Tulijua ameumia, alitaka kumpa mtoto wa dada yake kile kilichompa yeye raha ugenini. Kisha akauliza bei ya mbao za dari Makueni.

Jioni tulikwenda kwa yule jirani kumshukuru. Tulibeba khanga na tende, vitu vidogo kwa aliyeokoa roho mbili. Kwa Kikamba shukrani ni muvea, nasi tulisema muvea mara nyingi kuliko inavyopasa, kwa matamshi yaliyowachekesha wajukuu zake. Alipokea khanga, akatupa maparachichi mfuko mzima, akatuuliza kama ni kweli kwamba Mombasa watu hulala mlango wazi kwa joto. Tukasema zamani ilikuwa hivyo. Katika nyumba yake mwenyewe tuliliona jiko la makaa, limewekwa nje, barazani, limegeuzwa kichwa chini. Alisema tangu Julai ile kila nyumba ya kijiji hufanya vile kabla ya kulala, na watoto ndio wakaguzi.

Kurudi tulipandia Emali. Ndani ya treni Fundi alilala mpaka Voi. Alipoamka alituambia jambo ambalo hakulisema Mbooni, asije akawasha tena tamaa: kwamba baadhi ya viyoyozi alivyovifunga mtaani kwetu vina kazi mbili, kupoza na kupasha, mashine ile ile ya Leicester bila ya sakafu. Kwenye rimoti mna alama ya jua. Miaka yote amefunga viyoyozi Mombasa, hakuna mteja hata mmoja aliyemuuliza alama ile ni ya nini. Siku moja, asema, chumba cha mpwa wetu kikiwa na dari, na umeme ukitulia, kimoja kidogo cha namna hiyo chaweza kumtosha.

Tulifika nyumbani baada ya isha. Joto la Mombasa lilitulaki mlangoni kama jamaa wa karibu. Kabla ya kuvua viatu tulitafuta rimoti, tukaifuta vumbi, tukaivalia miwani. Jua lipo, dogo, kando ya tone la maji. Tukalibonyeza. Kiyoyozi kikanyamaza, kikafikiri dakika mbili tatu, kisha kikatuletea usoni upepo wa moto.

Mama watoto alitoka chumbani akatutazama tulivyosimama chini yake, kanzu mbili bado mwilini, akauliza kama tumerudi na homa.